"Ni utamaduni wetu" si jibu: namna ya kuusoma mchango wa harusi kisosholojia

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sosholojia, Dar es Salaam. Tulipewa kazi ya maneno 1,500: tuchague jambo la kawaida la kila siku, tuonyeshe tunu, kaida, adhabu na wajibu vilivyomo ndani yake. Nikachagua michango ya harusi. Niliandika kwamba Watanzania huchangiana kwa sababu ni utamaduni wao kusaidiana, na kwamba dhima ya michango ni kudumisha umoja. Nimepata 9 kati ya 30, ila nimeruhusiwa kurudia. Pembeni mhadhiri ameandika: "Hujaeleza kitu, umekipa jina tu." Nimekosea wapi, na nianzie wapi?

Jibu: Ndugu yangu, mada uliyochagua ni nzuri kuliko unavyodhani, na mhadhiri wako amesema kweli. Ukiulizwa kwa nini watu wanachanga, unajibu ni utamaduni wao. Ukiulizwa umejuaje kwamba ni utamaduni wao, utajibu kwa sababu wanachanga. Hapo umeizunguka nyumba na kurudi mlango uleule. Isitoshe, jibu hilo halitofautishi chochote. Mtu mmoja, mwezi mmoja, anatoa 100,000 kwenye harusi ya mtoto wa mkuu wake wa kazi na 30,000 kwa jirani anayempenda zaidi. Utamaduni wa kusaidiana ni uleule pande zote mbili. Basi tofauti ile ya 70,000 imetoka wapi? Hilo ndilo swali lenye sosholojia ndani yake.

Tuanze na maneno, kwa sababu nusu ya makosa yako yanatokana nayo.

Tunu ni kile ambacho watu wanakiona chema na cha kutamanika: heshima, undugu, utu. Neno hili lilizoeleka zaidi Tanzania mwaka 2013, Rasimu ya Katiba ilipoorodhesha tunu za taifa. Kaida ni kanuni ya mwenendo: nani afanye nini, kwa nani, lini, kwa kiasi gani. Ukitaka kujua kama sentensi uliyoandika ni kaida, jiulize kama kuna mtu anayeweza kuivunja siku fulani, wengine wakaona kwamba ameivunja. "Watu wasaidiane" haiwezi kuvunjwa Jumanne saa kumi jioni. "Aliyepokea kadi ya mchango kutoka kwa mfanyakazi mwenzake atoe ahadi kabla ya kikao cha mwisho" inaweza, na ikivunjwa kuna watu watakaoitaja. Insha yako ya kwanza ina tunu tupu, haina kaida hata moja.

Neno "dhima" liache kabisa katika kazi hii. Wengine wanalitumia kwa maana ya kazi ambayo jambo linafanya katika jamii, kama tunavyosema dhima ya fasihi, na wengine kwa maana ya majukumu ya mtu mwenye cheo fulani. Mwanafunzi akilitumia kwa maana zote mbili katika aya moja, msomaji hamfuati tena. Andika "kazi" kwa maana ya kwanza na "wajibu" kwa ile ya pili. Vilevile "vikwazo", ambalo baadhi ya vitabu hulitumia kwa mambo yanayomfanya mtu afuate kaida, linamfanya msomaji afikirie nchi iliyowekewa vikwazo vya biashara, na linasahaulisha kwamba jamii huadhibu na pia hutuza. Sema "adhabu na tuzo". Inatosha.

Sasa kafungue daftari la mweka hazina wa kamati.

Utakuta safu nne: Jina, Ahadi, Amelipa, Baki. Tuseme mstari mmoja unasomeka: 100,000, 30,000, 70,000. Mstari huo mmoja una zaidi ya ukurasa mzima wa maneno kuhusu umoja. Kwanza, kuna ahadi. Mtu hakutoa hela, alitamka kiasi mbele ya watu au akakiandika kwenye kadi, na tangu dakika hiyo kiasi kile si cha moyoni mwake tena. Pili, kuna "kupunguza", neno ambalo wanakamati wote wanalijua: kulipa kidogo kidogo ili jina lionekane linatembea. Aliyelipa 30,000 kati ya 100,000 hana hatia kubwa kama ya aliyelipa sifuri, ingawa huenda maskini wa tatu aliyeahidi 20,000 akazimaliza ndiye mwenye jina safi kuliko wote wawili. Tatu, kuna baki, na baki ina mwenyewe. Kwenye kikao mweka hazina akisoma orodha, watu husikiliza majina, hawasikilizi jumla.

Mfaransa Émile Durkheim, katika kitabu chake cha 1895 kuhusu kanuni za utafiti wa kisosholojia, alisema mambo ya kijamii yana alama mbili: yako nje ya mtu mmoja mmoja, na yana nguvu ya kumsukuma. Nguvu hiyo huisikii ukiwa unakwenda nayo. Unaisikia ukigeuka. Angalia kundi la WhatsApp la harusi. Hukuomba kuingia, umeongezwa. Ukitaka kutoka, wasimamizi wa kundi wanaarifiwa kwamba umejitoa. Ile hali ya kuacha kidole juu ya kitufe kisha kuahirisha ni ushahidi wa Durkheim kwenye kiganja chako, na ni halali kabisa kuuandika, mradi uuchukue kwa watu uliowahoji na si kwa kukisia.

Ndani ya kundi hilohilo kuna kitu kingine cha kutazama kwa karibu: orodha. Katibu anaweka namba 1 hadi 50, kila mtu anainakili, anaongeza jina na kiasi chake, anairudisha. Waliolipa wanawekewa alama ya vema. Rekodi kiasi cha majina matano ya mwanzo, kisha angalia kumi yanayofuata. Mara nyingi waliotangulia ni wanakamati wenyewe au watu wanaoheshimika, na kiasi chao kinakuwa kipimo bila mtu yeyote kutangaza kipimo. Hivyo ndivyo kaida inavyozaliwa mchana kweupe. Ukilinganisha orodha mbili, moja iliyoanza na 200,000 na nyingine iliyoanza na 50,000, utakuwa na jedwali la kuweka kwenye insha yako.

Adhabu nazo zina ngazi. Mmarekani William Graham Sumner, mwaka 1906, alitenganisha desturi nyepesi na desturi nzito, na namna ya kuzitofautisha ni kutazama ukali wa wanaoudhika. Mgeni akija ukumbini na nguo isiyoendana na rangi iliyotangazwa, atatazamwa na labda kuchekwa. Asiyelipa ahadi atakumbushwa kwa ujumbe, kisha kwa simu, kisha na yeye harusi yake itakapofika ataona kadi zake zinapokewa kwa baridi. Mweka hazina akila hela ya kamati, hapo hakuna kicheko: ukoo utakaa, na huenda polisi wakahusishwa. Makosa matatu, adhabu tatu. Zipange hivyo, umeshapata kipande kizuri cha uchambuzi. Na usisahau tuzo: kutajwa na mshereheshaji, meza ya mbele, kuitwa kwenye picha ya kamati.

Hapa ndipo panaponivutia zaidi mimi, nami ningekushauri uweke nguvu zako hapa. Mchango wa harusi ni zawadi, ni mkopo, au ni tiketi?

Fanya hesabu. Tuseme kamati imepanga bajeti ya 15,000,000 kwa wageni 250. Kila kiti kinagharimu 60,000. Kamati ikaweka kiwango cha chini: singo, yaani kadi ya mtu mmoja, 50,000; dabo, yaani kadi ya watu wawili, 100,000. Maana yake kila aliyelipa kiwango cha chini anakaa kwenye kiti ambacho 10,000 yake imelipwa na mtu mwingine. Kama wageni wote wangelipa hivyo, pengo lingekuwa 2,500,000. Linazibwa na wazazi, ndugu wa karibu, wenye uwezo wanaopita kiwango, na wale wanaochanga lakini siku yenyewe hawaji. Kwa hiyo inafanana na tiketi, maana chini ya kiwango hupati kadi ya kuingia. Lakini jaribu kuisukuma kama tiketi uone inapokataa. Mtu asiyemjua yeyote hawezi kuja na 50,000 mlangoni akanunua kiti. Aliyechanga akashindwa kuja hadai kurudishiwa. Na mwenye 20,000, ingawa hana kadi, jina lake limo daftarini na atakumbukwa. Tiketi haina kumbukumbu, daftari linayo.

Marcel Mauss, mpwa wa Durkheim, alichapisha mwaka 1925 uchunguzi wake maarufu kuhusu zawadi, akaonyesha kwamba katika jamii nyingi zawadi huja na wajibu tatu: kutoa, kupokea, kurudisha. Wanafunzi huukimbilia wa tatu. Wewe usiupite wa pili. Familia inayosema "hatutaki mchango wa mtu, tutajigharimia" inachukuliwaje? Mara nyingi wanasemwa kwamba wanajitenga, au kwamba wana dharau. Kukataa kupokea ni kukataa kuwa na deni, na kukataa deni ni kukataa uhusiano. Waulize watu wako swali hili, utashangaa majibu yanavyotoka haraka.

Kwenye kurudisha, angalia muda. Mwanasosholojia Mfaransa Pierre Bourdieu, aliyefanya utafiti Algeria, alisisitiza kwamba nafasi kati ya zawadi na marejesho ndiyo inayoifanya iwe zawadi. Fikiria umemchangia mwenzako 50,000 Jumamosi, Jumatatu anakutumia 50,000 kwa simu na neno "ahsante". Amelipa kila senti, na amekuudhi. Angesubiri miaka mitatu hadi harusi ya mdogo wako akatoa 70,000, amekuheshimu. Ndiyo maana familia nyingi hazitupi daftari la harusi. Linawekwa kabatini pamoja na hati za nyumba, linafunguliwa kadi nyingine inapoingia: "Huyu alitupa ngapi?"

Ukiishia hapo, bado utakuwa umeona nusu ya jambo, tena nusu ya ukumbini. Usiandike "Watanzania". Katika jiji hilohilo lako kuna shughuli za mchana zinazofanyika nyumbani au chini ya turubai mtaani, majirani wakileta mchele na mafuta, na wanawake wakiamka alfajiri kumenya vitunguu saumu, kuchambua mchele na kukuna nazi. Mchango ule wa mikono haumo kwenye safu nne za mweka hazina. Lakini unahesabiwa, na asiyeonekana jikoni kwenye shughuli za wenzake naye atapika peke yake siku yake ikifika. Mtafiti anayesoma daftari peke yake atahitimisha kwamba wanaume ndio wanaochangia zaidi, na atakuwa ameandika mpaka wa chombo chake akidhani ameandika jamii. Nenda jikoni. Kama wewe ni mwanaume na jiko halikupi nafasi, tafuta mtu wa kukusimulia, na ukiri kwenye insha kwamba hukuwepo.

Msaada mwingine mkubwa ni kulinganisha na msiba. Msibani hakuna kadi, hakuna singo wala dabo, na kiasi kidogo kinapokewa bila mtu kukunja uso. Lakini kutofika ni kosa kubwa kuliko kutotoa. Harusini ni kinyume: unaweza kuomba udhuru wa kutofika mradi ulichanga. Kwa hiyo kitu kinachodaiwa ni tofauti, kule mwili wako na huku mfuko wako, ingawa tunu inayotajwa pande zote ni ileile ya kufaana. Aya moja ya ulinganisho huu itamwonyesha mhadhiri wako kwamba umeelewa kwa nini tunu peke yake haielezi mwenendo.

Kuhusu sentensi yako ya "kudumisha umoja". Kosa lake ni kuchanganya matokeo na sababu. Hata kama michango inaleta umoja, hakuna anayetoa 50,000 ili umoja udumu. Anatoa kwa sababu alichangiwa, au anatarajia kuchangiwa, au orodha inaonekana. Mwanasosholojia Mmarekani Robert Merton, mwaka 1949, alitenganisha kazi za jambo zinazokusudiwa na watendaji na zile zisizokusudiwa wala kutambuliwa. Iliyokusudiwa hapa ni kupata hela ya harusi. Isiyokusudiwa inaweza kuwa, kwa mfano, kupima kila baada ya muda nani bado yuko ndani ya mtandao wa familia na nani ametoka. Merton alikumbusha pia kwamba jambo linaweza kuumiza. Mtu mwenye mshahara mdogo anayepokea kadi tano mwezi mmoja anaweza kukopa ili achange. Akikwama mmoja, ni shida yake. Wakikwama wengi katika ofisi moja mwezi uleule, hilo ni suala la jamii, na Mmarekani mwingine, C. Wright Mills, mwaka 1959 alisema kuunganisha mambo hayo mawili ndiyo kazi yetu hasa. Uliza pia nini kimebadilika tangu pesa za simu ziingie, Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008: udhuru wa "sikuonana na mweka hazina" umekufa, na ukumbusho unafika saa yoyote.

Sasa utaratibu wa kazi yenyewe. Wiki mbili zinatosha ukijipanga.

Tafuta kamati moja unayoweza kuifikia kupitia mtu anayeaminika, na umwombe mwenyekiti ruhusa waziwazi. Usiingie kama mwanakamati wa uongo. Hudhuria vikao vitatu. Andika dondoo usiku uleule, kwa sababu ukilala unabaki na maana unapoteza maneno. Kwenye dondoo, tenganisha kurasa mbili: kulia kilichosemwa na kufanywa, kushoto unachofikiri wewe. Wanaochanganya hivi viwili hushindwa baadaye kujua kipi walikiona.

Omba kunakili mistari 20 ya daftari bila majina, herufi tu: A, B, C. Kwa kila mstari andika uhusiano na familia, jinsia, ahadi, malipo, tarehe. Kisha hoji watu wanane: wanakamati wawili, wawili waliomaliza ahadi, wawili waliopunguza, wawili ambao hawakutoa. Hao wa mwisho ndio wagumu kuwapata, na ndio wenye thamani kubwa, kwa sababu kaida huonekana vizuri pale ilipovunjwa. Ukihoji waliolipa tu, utarudi na insha ileile ya alama 9.

Usianze na "kwa nini unachanga?" Utapewa tunu: "ni kusaidiana tu, ndugu yangu." Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, katika kitabu chake cha 1922 kuhusu watu wa visiwa vya Trobriand katika bahari ya Pasifiki, alionya kwamba wanachosema watu kuhusu kanuni zao na wanachokifanya ni vitu viwili, na mtafiti anavihitaji vyote. Uliza hivi: Mara ya mwisho kupokea kadi ya mchango ilikuwa lini? Ilitoka kwa nani, na ilikufikiaje? Uliahidi kiasi gani? Ulikifikiaje kiasi hicho, ulimuuliza nani? Ulilipa kwa mafungu mangapi? Baada ya hapo ndipo uulize ingekuwaje kama usingelipa. Dakika 30 kwa mtu mmoja zinatosha.

Picha za skrini kutoka kundi la WhatsApp usiweke kwenye insha hata kama majina umeyafuta. Kiasi na mpangilio wa orodha vinatosha kumtambulisha mtu kwa wenzake, na hela ni jambo la siri. Tengeneza jedwali lako mwenyewe. Kama harusi ni ya ndugu yako, sema hivyo kwenye aya ya mbinu. Si aibu, ni taarifa ambayo msomaji anaihitaji.

Maneno 1,500 yagawe hivi: 150 kuhusu mahali na mbinu, 700 kwa ushahidi pamoja na jedwali, 500 kwa uchambuzi, 150 kwa yale ambayo ushahidi wako hauwezi kuyafikia. Wanazuoni wawili wanatosha, Mauss na mmoja mwingine. Nimekutajia wengi ili uchague, si uwabebe wote. Kila dhana utakayoitaja iwe na tukio moja chini yake. Dhana isiyo na tukio ifute.

Na kama kalenda inaruhusu, uwepo siku ya kuvunja kamati. Wengi huondoka baada ya harusi wakidhani jambo limekwisha, kumbe pale ndipo mweka hazina anaposoma mapato na matumizi kwa mara ya mwisho, soda zikiwa mezani. Sikiliza kitakachotokea kwa safu ya baki. Je, majina ya wasiolipa yanasomwa kwa sauti au yanarukwa? Nani anapendekeza yasamehewe, na nani ananyamaza? Halafu angalia daftari linakwenda na nani nyumbani.